Tabia, Kusikia na Akili: Kupitia Upya Dhana za Msingi za Saikolojia kwa Wanafunzi wa Uwanda wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanapitia upya baadhi ya dhana anazokutana nazo mwanafunzi wa saikolojia katika muhula wake wa kwanza, hasa tabia, hisi na akili. Hoja yetu ni kwamba maneno ya Kiswahili yaliyoteuliwa kubeba dhana hizo yalikuwa na kazi nyingine kabla ya kuteuliwa, na kazi hiyo bado yanaifanya. Mwanafunzi anayenyimwa alama kwa kutojua saikolojia huenda ananyimwa kwa kujua Kiswahili. Mifano imechukuliwa zaidi kutoka Sumbawanga na uwanda wa Ufipa, nayo inalinganishwa na utafiti uliofanywa Uganda, Kenya na Zambia.

1.0 Utangulizi

Kozi ya utangulizi wa saikolojia, ambayo wengine huiita elimunafsi, hupita njia moja karibu kila mahali duniani: tabia, hisi na utambuzi, kujifunza, kumbukumbu, mhemko, akili, haiba. Katika Tanzania istilahi hizi hazikubaki katika vyuo vikuu. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, ilibidi walimu wa shule hizo nao waandaliwe kwa lugha hiyo, na kwa miongo mingi saikolojia ya elimu imekuwa miongoni mwa masomo yao. Kwa hiyo neno lililoteuliwa na wanaistilahi mezani huishia katika daftari la mwalimu wa kijijini, na kutoka hapo huingia katika hukumu anayoitoa juu ya mtoto wa mtu.

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja alimwomba mwandishi wa makala haya amsaidie kupitia majibu ya mtihani ya wanachuo wa chuo kimoja cha ualimu, ambao wengi wao walitoka vijiji vya Ufipa. Swali la kwanza liliwataka waeleze maana ya tabia na kutoa mifano miwili. Mwanachuo mmoja alijibu kwamba tabia ni ile hali ya kitu isiyobadilika upesi; mfano, mtu mpole hubaki mpole hata akihama, na nchi ya Ufipa hubaki baridi hata jua likiwaka. Alipewa sifuri. Mwongozo wa usahihishaji ulitaka "kitendo chochote cha kiumbe kinachoweza kuonekana na kupimwa". Tulibishana sana siku ile. Msimamo wetu ulikuwa, na bado ni, kwamba jibu lile lilikuwa kosa katika saikolojia na lilikuwa sahihi kabisa katika Kiswahili, na kwamba mwongozo haukuwa na njia ya kutenganisha mambo hayo mawili.

2.0 Tabia

Tuanze na maana ya kitaaluma. Mwaka 1913 Mmarekani John B. Watson alidai kwamba saikolojia, ikitaka kuwa sayansi, haina budi kuacha kuchungulia yaliyo ndani ya mtu na kushughulikia yale yanayoweza kushuhudiwa na watazamaji zaidi ya mmoja. Baada yake B. F. Skinner alionyesha jinsi kitendo kinavyozidi au kupungua kufuatana na matokeo yake. Humo ndimo zilimotoka dhana za kichocheo, mwitiko na uimarishaji. Katika mtazamo huu kupepesa jicho, kupiga chafya, kunyoosha mkono darasani na kukimbia mvua vyote ni "tabia". Kila kimoja ni tukio lenye mwanzo na mwisho, nalo linahesabika.

Neno tabia katika Kiswahili halina mwanzo na mwisho wa namna hiyo. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupiga chapa. Mzizi huo huo ndio uliotupatia matbaa, mahali pa kuchapia vitabu. Tabia, basi, ni chapa iliyopigwa katika kitu. Ndiyo sababu Kiswahili kinatofautisha hali ya hewa na tabia ya nchi. Mvua iliyonyesha Sumbawanga leo asubuhi ni hali ya hewa; baridi ya Juni na Julai katika uwanda ulioinuka mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari ni tabia ya nchi. Mwanachuo wetu hakukosea kuchanganya mtu na nchi. Lugha yenyewe ilikwisha kuwaweka pamoja.

Ushahidi wa sarufi unaelekea upande huo huo. Mtu aliyechelewa mara moja hatusemi kwamba "ana tabia ya kuchelewa", marudio yanahitajika. Aidha, tabia huandamana na "kuwa na" au "kuonyesha", na kwa nadra sana huandamana na "kufanya", isipokuwa katika usemi wa watoto ambamo "kufanya tabia mbaya" ni tasfida ya jambo jingine kabisa. Zaidi ya hayo, neno hili huvuta hukumu: tuna tabia njema na tabia mbaya, ilhali kupepesa jicho hakuna wema wala ubaya. Mwanafunzi anaposoma kwamba saikolojia ni "taaluma ya tabia", anaelewa kwamba atafundishwa maadili, na wapo wanaoendelea kuelewa hivyo mpaka mwisho wa kozi.

Je, tubadilishe istilahi? Mwenendo limependekezwa mara nyingi. Lina faida ya kutokana na kwenda, na kwa hiyo lina mwendo ndani yake. Hata hivyo nalo lina uzito wa maadili. Sisi tungependelea tendo kwa kipimo kimoja kimoja na matendo kwa jumla yake, kisha tabia tuiache mahali pake pa asili, karibu na haiba, ambako wanasaikolojia huzungumzia sifa za mtu zinazodumu. Tunafahamu kwamba tabia imekwisha kuzoeleka vitabuni, na istilahi iliyozoeleka haing'oki kwa makala moja.

3.0 Kusikia na milango ya fahamu

Vitabu vya utangulizi hutenganisha hatua mbili. Kwanza kiungo cha mwili hupokea kichocheo, kama sauti, nuru, joto au harufu. Hiyo ni hisi. Kisha ubongo hukipanga na kukipa maana kile kilichopokewa. Huo ni utambuzi. Mtu asiyejua Kifipa anapowasikia wawili wakizungumza sokoni Sumbawanga, sikio lake hupokea sauti zile zile wanazozipokea wao. Hisi ni moja, ila utambuzi hutofautiana. Mfano huu huwaingia wanafunzi haraka kuliko michoro ya vitabuni inayowataka waamue ni mstari upi mrefu zaidi.

Tatizo linaanzia kwenye kitenzi. Kusikia katika Kiswahili hakuishii sikioni. Tunasikia sauti, lakini tunasikia pia harufu, njaa, baridi, maumivu na usingizi. Kuona nako huvuka jicho: naona kiu, naona haya. Kwa upande mwingine, aliyeambiwa jambo mara tatu asilitende huulizwa, "Wewe husikii?", na anayeuliza anajua fika kwamba masikio ya mwenziwe ni mazima. Msikivu ni yule anayepokea, anayeelewa na anayetii, yote matatu kwa pamoja. Hali hii si ya Kiswahili pekee, kwani kitenzi kimoja kinachobeba kusikia, kuhisi na kuelewa kimeenea mno katika lugha za Kibantu. Kibemba cha Zambia, jirani wa Ufipa upande wa kusini, kinacho katika -umfwa.

Msemo wetu wa "milango ya fahamu" nao una nadharia yake. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi ni milango. Fahamu ndiyo nyumba. Lakini anayezimia tunasema amepoteza fahamu, na anayeelewa somo tunasema amelifahamu. Neno moja linataja kuwa macho kiakili na pia kuelewa, mambo ambayo mwanasaikolojia huyaweka katika sura mbili tofauti za kitabu chake. Hatudai kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Tunachodai ni kwamba mpaka uliochorwa na taaluma haupiti mahali ulipo mpaka wa lugha, na mwalimu asipouonyesha kwa kidole mwanafunzi hatauona.

4.0 Akili

Hapa ndipo penye uzito, kwa sababu kosa katika dhana hii halikomei kwenye alama za mtihani.

Mwaka 1905 Mfaransa Alfred Binet, akishirikiana na Théodore Simon, alitunga jaribio la kuwatambua watoto wa shule waliohitaji msaada wa pekee. Mwaka mmoja kabla yake Mwingereza Charles Spearman alikuwa amedai kwamba nyuma ya uwezo mbalimbali wa mtu kuna uwezo mmoja wa jumla. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern akapendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na Mmarekani Lewis Terman akazidisha hesabu hiyo kwa 100 katika jaribio lake la 1916. Hivyo chombo kilichotungwa ili kumsaidia mtoto kiligeuka kuwa namba moja inayomfuata maisha yake yote.

Kiswahili kinaitazama akili kwa jicho jingine. Kwanza, hatusemi "akili yako" kwa wepesi kama tunavyosema "akili zako". Neno hili hupenda upatanisho wa wingi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake; na akili za kuambiwa huchanganywa na za mtu mwenyewe. Kitu kilicho vingi, ambacho watu wanaweza kupeana na kuchanganya, hakikubali kwa urahisi kugeuzwa namba moja. Pili, asili ya neno katika Kiarabu ni mzizi wenye maana ya kufunga, kama kamba anayofungwa ngamia asitoroke. Akili ni kinachomzuia mtu. Tatu, pembeni mwa akili yamesimama maneno ya daraja mbalimbali: busara na hekima juu, ujanja chini, na werevu katikati ukielekea huku au kule kutegemea anayesema na anayesemwa.

4.1 Kichwa na kiuno

Mwanafunzi wa Ufipa, hata yule aliyekua na Kiswahili na Kifipa kwa pamoja, huleta darasani mpango mwingine tena. Kifipa, ambacho katika uainishaji wa Guthrie ni M13, pamoja na jirani zake Kimambwe, Kirungu na Kipimbwe, ni lugha ya watu ambao mwanaanthropolojia Roy Willis aliishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika makala yake ya mwaka 1967 Willis alieleza kwamba Wafipa humfikiri mtu kama muungano wa sehemu mbili, kichwa na kiuno. Kichwa ni upande wa akili, mamlaka na ukubwa wa umri. Kiuno ni upande wa nguvu za mwili, uzazi na ujana. Aliuona mpango huo huo katika masimulizi ya kale ya utawala, ambamo wanawake wageni walifika Milansi wakati mtemi yuko mawindoni wakajitwalia nchi. Ukoo wao wa Watwa ukashika madaraka, na Milansi ikabaki na heshima ya kimila.

Kwa mwanaisimu hapa pana jambo la kutua kidogo. Maneno ya Kibantu yanayotaja sehemu hizo mbili yameenea mbali: Wabemba wana umutwe na umusana, na shina lile la kichwa ndilo linalosikika hadi leo katika kitwa cha Kimvita, ambacho katika Kiswahili sanifu ni kichwa. Shina ni moja, kazi zimeachana. Katika Kiswahili mshindani wa kichwa ni moyo. Tunakariri kwa moyo, tunatiana moyo, tunakufa moyo, na tukitaka kulikumbuka jambo tunaliweka moyoni, wakati kichwa kinabaki na sifa zenye mashaka kama kichwa kigumu na kichwamaji. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wa Sumbawanga kwamba saikolojia ilihamisha makao ya fikra kutoka moyoni kwenda kichwani anawasimulia safari ambayo, kwa mujibu wa maelezo ya Willis, wazee wao hawakuhitaji kuifunga. Somo hilo linafaa zaidi pwani.

Ni vyema tukumbuke pia yaliyokuwa yakiandikwa miaka michache tu kabla ya Willis kufika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, ambamo alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu hiyo. Dai hilo lilitolewa kwa lugha ya kisayansi na kusomwa kama sayansi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana budi kulijua, maana litamsaidia kuuliza swali muhimu kila anapooneshwa jaribio: waliolitunga walikuwa na picha gani ya mtu mwenye akili?

4.2 Akili zinavyotajwa na majirani

Swali hilo limekwisha kuulizwa katika eneo letu. Nchini Uganda, Mallory Wober aliwauliza watu maana ya obugezi, neno la Kiganda linalotafsiriwa kuwa akili, na katika taarifa yake ya 1974 alieleza kwamba Waganda wa vijijini walilihusisha na utulivu na uangalifu kuliko wepesi wa kujibu. Majaribio mengi ya kigeni humpima mtoto kwa saa mkononi.

Katika wilaya ya Katete, mashariki mwa Zambia, Robert Serpell alifuatilia dhana ya Kichewa iitwayo nzelu, akachapisha matokeo katika kitabu chake cha 1993. Alibaini kwamba wazee walitaka nzelu iwe na pande mbili: wepesi wa akili, na ile hali ya mtoto kuaminika anapotumwa. Upande huu wa pili huitwa tumikila, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kwa kuwa shina ni lile lile la tuma, tumika na mtumishi. Tathmini za wazee kuhusu akili za watoto hazikuweza kutabiri vizuri nani angefaulu shuleni.

Nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Elena Grigorenko, Robert Sternberg na wenzao walieleza maneno manne ambayo Wajaluo huyatumia katika uwanja huu: rieko, luoro, paro na winjo. Luoro inahusu heshima na uwajibikaji. Winjo ilielezwa kuwa uelewa. Lakini katika Kijaluo winjo ni kusikia, na hapa tunarudi mahali tulipokuwa katika sehemu ya tatu, safari hii kwa njia ya lugha isiyo ya Kibantu. Katika utafiti wa pili wa mwaka huo huo, Sternberg na wenzake waliwapima watoto ujuzi wa dawa za miti shamba, wakakuta kwamba waliojua zaidi dawa walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati wa shuleni.

Tukiyaweka haya pamoja, mtoto anayekaa kimya mbele ya mkubwa, anayesikiliza mpaka mwisho na kuondoka kwenda kutenda alichoagizwa, anaonyesha akili kwa kipimo kimoja na kuzificha kwa kipimo kingine. Huko Ufipa, ambako Willis anasisitiza jinsi mazungumzo ya utaratibu yanavyoheshimiwa miongoni mwa watu wazima, mtoto hana haraka ya kusema. Kusema kwataka umri. Naye Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu familia za Nkansi, ameeleza jinsi mahali pa kulala palivyokuwa sehemu ya malezi: mtoto alihama nyumba ya wazazi akiwa bado mdogo, akalala kwa bibi, na huko akafunzwa kwa masimulizi. Shule ya namna hiyo ina mtihani wake, na mtihani huo haujibiwi kwa kunyoosha mkono.

5.0 Dhana nyingine kwa ufupi

Kumbukumbu haina utata mkubwa. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima mwaka 1885 jinsi silabi zisizo na maana zinavyosahauliwa; Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha 1932, alionyesha kwamba tunakumbuka kwa kujenga upya, na akataja wachungaji wa Kiswazi walioweza kueleza kwa undani ng'ombe walionunuliwa yapata mwaka mmoja nyuma. Wanafunzi wanaotoka katika jamii za wafugaji humwelewa Bartlett mapema kuliko Ebbinghaus. Katika mhemko tatizo ni uchungu, ambao ni ladha, maumivu ya kujifungua na kinyongo kwa pamoja. Mwalimu aombe mfano kabla ya kuomba fasili.

Dhana inayostahili kukawiwa kidogo ni ile ya taswira mgando, yaani picha moja inayobandikwa kwa watu wote wa kundi fulani. Mmarekani Walter Lippmann ndiye aliyeieneza mwaka 1922, akaiazima kutoka matbaani, kwenye bamba la chapa lisilobadilika. Tumekwisha kuona kwamba tabia nayo ilitoka hapo. Mfano wake kwa wanafunzi wetu uko katika jina la mji. Maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi": agizo la kuuacha. Utani wa Watanzania umeligeuza agizo hilo kuwa tuhuma, na kijana wa Kifipa anayeripoti chuoni Dar es Salaam hupokelewa kwa vicheko kabla hajafungua begi. Wengi hucheka pamoja na wenzao. Mwalimu wa saikolojia akitumia mfano huu na aangalie nani ameketi darasani, na amwachie huyo uamuzi wa kusema au kunyamaza.

6.0 Darasani

Mapendekezo yetu ni machache. Kila dhana ya msingi ianze na matumizi ya kawaida ya neno lake, yakiwa yamekusanywa na wanafunzi wenyewe kutoka Kiswahili na lugha za kwao, kabla ya fasili ya kitaaluma kuandikwa ubaoni. Hili halihitaji vitabu vipya. Linahitaji saa moja. Mwanaisimu na mwanasaikolojia wakae meza moja istilahi zinaposanifiwa, jambo ambalo kwa uzoefu wetu limefanyika mara chache. Na mwalimu wa shule ya msingi afundishwe kwamba kuandika "hana akili" katika taarifa ya mtoto ni kudai kitu ambacho hakuna jaribio lililothibitisha, na ambacho bibi wa mtoto huyo, akisomewa, huenda asikitambue.

Miongozo ya usahihishaji nayo irekebishwe. Swali lile la tabia, kwa mfano, lingeweza kuandikwa hivi: "Watu husema kwamba Ufipa ina tabia ya baridi, na kwamba fulani ana tabia ya upole. Mwanasaikolojia anayefuata mawazo ya Watson angekubali kuziita hali hizi mbili tabia? Toa sababu, kisha taja matendo mawili ya huyo fulani ambayo angekubali kuyahesabu."